Kichumba cha Ubaridi katika Ngome ya Mjerumani

Jumatatu, 3 Machi 1975

Mvua tena. Kibanda changu kinavuja mpaka ndani ya sufuria ya uji. Mzee Kalinga kanena waziwazi: binti yake Matilda haolewi na mtu anayelala chini ya mwavuli. Gideoni, karani wa ushirika, ana nyumba ya bati. Bati! Anavyotembea, utadhani kalifua mwenyewe.

Lakini mimi nina akili. Ile ngome ndogo ya Mjerumani pale kilimani ni tupu tangu mlowezi wake aondoke. Kijiji kinataka kuifanya ghala la mahindi. Ijumaa anakuja Bwana Utamaduni kutoka Iringa kuikagua. Akisema ina historia, atatakiwa mlinzi, na mlinzi hukaa humohumo. Nani mwingine kama si Edmund?

Jumanne, 4 Machi

Nimeikagua. Mimi mtaalamu, kanisa la Tosamaganga nimeliona mara mbili. Kuta za mawe, nene kweli. Mnara mmoja, mfupi, nadhani mawe yalimwishia. Juu ukuta una mapengo kama kinywa cha bibi yangu. Ghorofani, maajabu! Kichumba kimetokeza nje ya ukuta, ndani kiti cha jiwe chenye tundu, upepo unapanda kutoka chini. Nimewaza sana. Ni mahali pa sala! Tundu ni la kuwadondoshea maskini sadaka. Nimejipongeza.

Alhamisi, 6 Machi

Mzee Kalinga kakubali kuja kesho kusikiliza historia. Kumkaribisha bila ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ni kujitafutia matusi. Naye anaupenda ule mtamu, uliogemwa karibuni. Ukipata joto tu unachachuka. Nimezifunga kamba mbeta zangu mbili, vile vyombo vya mwanzi vya kunywea ulanzi, nikazining'iniza ndani ya lile tundu la sadaka. Pana ubaridi huo! Gideoni kapita, kauliza kama nina uhakika. Nikamwambia arudi kwenye bati lake.

Ijumaa, 7 Machi

Jamani, aibu!

Nilianza vizuri, Gideoni na Matilda wakisikiliza mlangoni. Mzee Kalinga nilimkalisha kwenye kiti cha jiwe, mbeta mkononi, macho kayafumba kwa utamu. Akasema hata Matilda angependa kusali hapa. Bwana Utamaduni akachungulia, akakohoa, akaniuliza kwa upole kama najua nimemkalisha mzee wapi. Akaeleza kwamba ngome za zamani huko Ulaya zilikuwa na vyoo vya namna hii.

Mzee akaitazama mbeta. Akaitazama kamba. Akauliza ilikuwa imening'inia wapi. Na mimi, mjinga wa kuzaliwa, nikamwonyesha!

Gideoni alicheka mpaka akakaa chini. Matilda naye alicheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Uamuzi: ngome iwe ghala. Ila choo ni kitu adimu, kitunzwe, kiwe na mlinzi.

Jumapili, 16 Machi

Nimepata kazi! Mlinzi wa choo. Watoto wananiamkia kwa cheo changu. Lakini nalala juu ya magunia ya mahindi, pakavu, na Gideoni hana mnara.

Matilda kaniletea habari: hasira za baba yake zimepoa. Niende nikamwombe radhi na kinywaji cha heshima, na safari hii nitumie akili. Kumbe ananitaka!

Akili ninayo. Nimemwalika mzee kesho. Ulanzi tayari, mtamu ajabu. Taabu ni joto la haya magunia. Nimezunguka ngome nzima nikitafuta penye ubaridi, chini, juu, mpaka mnarani. Hakuna panapofika pale tunduni.

Nimepapiga deki kwanza. Mbeta nimezifunika kwa jani la mgomba.