Siku Mkurugenzi Alipozindua Mtihani wa Kiingereza cha Biashara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mheshimiwa Naibu wa Mgeni Rasmi. Mheshimiwa uliyekuja kumwakilisha Naibu endapo Naibu ataondoka mapema. Waheshimiwa wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, makaimu wa wakuu wa vitengo na mnaokaimu nafasi za makaimu. Viongozi wetu wa dini, ambao dua zenu ndizo zilizotufikisha hapa, maana kwa akili zetu peke yetu tusingefika. Wadau wa maendeleo na wadau wa wadau. Watahiniwa watarajiwa mia sita na arobaini mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti ni vya waheshimiwa. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi hafifu. Mstari wa mbele umekaa. Wengine wote wanahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule.)

Ukurasa wa kwanza. Nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao wengi wamekiri hawajapata kuuona kwa kiongozi mwingine yeyote wa ngazi yangu, nikiwa Mkurugenzi wa Mamlaka ya Upimaji wa Kiingereza cha Biashara. Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi hotuba siipitii kabla ya kuisoma. Natamka, mpiga chapa wangu anachapa, ananikabidhi hapa hapa jukwaani ikiwa bado ya moto, nami naisoma neno kwa neno, na tangu niteuliwe sijapata kuikatiza hotuba katikati, hata siku ile paa lilipovuja juu ya kipaza sauti na fundi umeme akanisihi nishuke. Tena wanajua kwamba katika mamlaka hii tamko la jukwaani ni agizo: likishanitoka, karani analiandika, na halifutwi na mtu yeyote, mimi nikiwemo, isipokuwa kwa tamko jingine la jukwaani. Mwaka juzi, kwa kuwa ulimi hauna mfupa, nilitangaza hapa hapa kwamba ofisi zetu zitafungwa kila Jumatano. Nilikusudia kusema zitafunguliwa mapema. Lakini nilishasema, na mpaka leo Jumatano hatufungui. Huo ndio uongozi wenye msimamo! Hapa nyamaza kidogo, kunywa maji. (Ananyamaza kidogo. Anakunywa maji. Watu wanatazamana.)

Ukurasa wa pili. Ndugu zangu, tunaishi katika dunia ya utandawazi, dunia ambayo mzigo hausubiri na imeli hailali, na asiyejua kumwandikia mteja wa ng'ambo barua ya heshima atabaki nyuma kama mkia. Upembuzi yakinifu tulioufanya katika kikao kazi cha siku tisa hotelini ulibaini kwamba asilimia themanini na tatu nukta nne ya barua za biashara zinazoandikwa kwa Kiingereza zina maneno ya Kiingereza ndani yake. (Kicheko kimoja nyuma, kinamezwa haraka.) Usicheke, bwana, takwimu haina utani. Takwimu hiyo ilitukosesha raha, na ndipo tukabuni mfumo jumuishi, shirikishi na mtambuka, wenye hadidu zake za rejea, bangokitita lake, fremuwaki yake na indiketa arobaini na moja, ambazo kila moja ina indiketa ndogo zinazoisaidia kuindiketi. (Makofi kutoka mstari wa mbele.)

Ukurasa wa tatu. Mtihani wenyewe, niseme bila kujisifu, hauna mfano. Katika sehemu ya kuandika, mtahiniwa atamwandikia barua ya kuomba radhi mteja ambaye makontena yake yamechelewa wiki tatu, na ataiandika kwa adabu kiasi kwamba mteja akimaliza kuisoma ataomba radhi yeye. Katika sehemu ya mkutano, atakaa na watu watano wasiokubaliana na kuwafanya wakubaliane kukutana tena. Katika sehemu ya simu, ataingia chumba namba saba, hiki kilicho nyuma yangu, chenye utepe mwekundu mlangoni, humo atakuta kompyuta thelathini, vipokea sauti thelathini na kuta zisizopitisha hata mnong'ono, atapigiwa simu na mteja mwenye hasira, nayo sistimu itampima kasi, lafudhi na kiwango cha uvumilivu. (Kishindo ndani ya chumba namba saba, kama ndoo imeanguka na kubingirika. Mlinzi aliyesimama mlangoni anatazama juu.) Mnasikia wenyewe! Hatujakata utepe, mitambo imeshaanza kujipima!

(Mtunza bohari mmoja, bahasha ya vyeti kwapani, anapaza sauti kutoka nyuma: "Mzee, mtihani wenyewe ni lini? Hii ni mara ya tano naambiwa nenda, rudi!")

Swali zuri sana, na kwa kuwa ni zuri sina haja ya kuliharibu kwa jibu la haraka. Nianze kwa kukupongeza kwa kurudi mara tano, huo ni uzalendo. Pili, kanuni yetu ya tatu, niliyoitunga mwenyewe, inasema hakuna atakayesahihisha mtihani huu bila kuwa na cheti cha kufaulu mtihani huu. Hatutaki ubabaishaji. Kwa hiyo tunawatafuta wasahihishaji wenye cheti. Wakipatikana tu, mtihani unaanza, na ukianza tu, watapatikana. Mchakato uko katika hatua za mwisho na umekuwa katika hatua hizo kwa uthabiti tangu mwaka jana. Wakati huo huo msisahau mafanikio: tangu mtihani huu uanzishwe, hakuna mtahiniwa hata mmoja aliyefeli. Hata mmoja! Nitajieni mtihani mwingine wenye rekodi hiyo. (Mstari wa mbele unapiga makofi. Mtunza bohari anashika kichwa kwa mkono ulio huru.)

(Sauti ya mwanamke: "Tusomee basi swali moja kwa Kiingereza, tupashe misuli!")

Dada yangu, Kiingereza cha biashara ni kama nguo ya ndani. Mtu mzima anakuwa nayo, lakini hasimami jukwaani kuwaonyesha watu. (Vicheko. Naibu wa Mgeni Rasmi anakohoa.) Anayetilia shaka Kiingereza changu aende masjala akaombe ile barua niliyowaandikia wafadhili, kurasa sita, barua iliyowafanya wajibu kwamba hawajapata kusoma Kiingereza safi namna ile kutoka ofisi yoyote. Niliiandika kwa mkono huu. (Wafanyakazi wa ofisi wote, kwa pamoja, wanageuka kumtazama mpiga chapa, aliyekaa kwenye meza ndogo kando ya jukwaa, akiandika kumbukumbu. Mpiga chapa haoni, au anajifanya haoni.) Niliisaini kwa mkono huu, na kusaini ndiko kuandika kwenyewe.

Ukurasa wa nne. Sasa tuje kwenye Waraka namba kumi na nne, ambao najua ndio uliowatoa nyumbani asubuhi hii mkaacha chai. Waraka unasema hivi: ifikapo Ijumaa hii saa sita mchana, kila mfanyakazi wa ofisi, bohari, kaunta au mapokezi anayegusa barua, simu au mteja wa Kiingereza, asipokuwa na cheti cha mtihani huu, atakabidhi funguo zake na kwenda nyumbani. (Minong'ono.) Najua mnanong'ona kwamba mtapata wapi cheti wakati mtihani haujaanza. Huo ni mtazamo hasi. Mwenye ari hupata njia, na asiye na ari hupata kisingizio.

Na msidhani naonea watu wa nje nikawalinda wa kwangu. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mpiga chapa wangu, yule pale mezani, amekaa ofisini kwangu miaka kumi na tisa. Ni mjane, ana mabinti wawili, mkubwa anamaliza sekondari mwaka huu. Nami nimempa barua yake ya kuondoka kama wengine wote. Aliichapa mwenyewe jana asubuhi, akaniletea nisaini, na niwe mkweli, haikuwa na kosa hata la nukta. Akaniuliza, "Mkurugenzi, cheti nitakipata wapi?" Nikamwambia, "Dada, mvumilivu hula mbivu." Akasema, "Na wanangu watakula nini zikiwa bado mbichi?" Nikamwelekeza aliweke swali hilo kwa maandishi, nakala mbili, alipeleke masjala, nami nikirudi kutoka safari nitalitafakari. (Mzee mmoja nyuma anasema, bila kupaza sauti, "Aa. Hiyo siyo.") Kiongozi lazima awe na moyo mgumu, mabibi na mabwana. Roho iliniuma, lakini nilikuwa na kikao, ikabidi niiache iume peke yake.

Ukurasa wa tano. Kabla sijahitimisha, tuamshane kwa kaulimbiu yetu, iliyotugharimu warsha mbili. Nikisema "Kiingereza", mnaitikia "Cha biashara!" Kiingereza! (Mstari wa mbele: "Cha biashara!") Nikisema "Cheti", mnaitikia "Ndiyo maisha!" Cheti! (Mtunza bohari, peke yake: "Kiko wapi?") Tuendelee. Miaka mitano ijayo tutakuwa na vituo kumi na viwili, tutapima watu elfu tisa kwa siku, mataifa yatakuja kujifunza kwetu namna ya kupima, na siku hiyo mtawasimulia wajukuu kwamba mlikuwepo, mlisimama, mkaniona. (Makofi. Mgeni Rasmi amesinzia, mikono juu ya tumbo.)

Ukurasa wa sita. Shukrani. Kama ilivyo desturi ya ofisi yetu, ukurasa wa shukrani mimi huwa siutamki, hutungwa na mpiga chapa, kwa sababu sishughuliki na vitu vidogo. Nawaombeni utulivu, nitausoma wote. (Mpiga chapa anashika kalamu mpya.)

Namshukuru Mgeni Rasmi kwa kukubali kuja kuzindua kitu ambacho hakuonyeshwa. (Mgeni Rasmi anaitika kwa koromo.) Nawashukuru wafadhili, na niwajulishe kwamba barua zangu zote kwao, pamoja na ile ya kurasa sita, ziliandikwa na mpiga chapa, kwa kuwa Kiingereza changu mimi kinaishia kwenye salamu, tena ya kuamkia tu, ya kuitikia sina. Hapa pandisha sauti! (Anapandisha sauti.) Namshukuru mlinzi wetu, aliyeutunza ufunguo wa chumba namba saba mwaka mzima, na kwa uaminifu wake hakumwambia mtu kwamba humo ndani hamna kompyuta hata moja, hamna kipokea sauti hata kimoja, mna ndoo tatu, mafagio, na viti vilivyovunjika tangu enzi za mtangulizi wangu, hivi ni... ngojeni kidogo... ukurasa huu ni wa... (Kelele, vicheko, miluzi. Mkurugenzi anageuza karatasi nyuma, haina kitu. Anatazama meza ndogo. Mpiga chapa anaandika.)

(Mtunza bohari: "Malizia, mzee! Si umesema hujapata kuikatiza hotuba?" Watu mia sita na arobaini: "Ma-li-zia! Ma-li-zia!")

Sijapata. Ni kweli. Sijapata, na sitapata leo, mbele ya Mgeni Rasmi. Utulivu, tafadhali. (Anafuta jasho kwa tai.) Nawashukuru ninyi watahiniwa mia sita na arobaini, mliokwenda na kurudi kwa ajili ya mtihani ambao haupo, hauna swali hata moja, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuagizwa kuutunga. Hapa vuta pumzi. (Anavuta pumzi.) Na kwa kuwa hata msumeno unahitaji kitu cha kukata, na mtu hawezi kufukuzwa kazi kwa kukosa kisichokuwepo, mimi, Mkurugenzi, kwa tamko hili la jukwaani, naufuta Waraka namba kumi na nne pamoja na barua zote za kuondoka zilizotokana nao, kuanzia dakika hii. Karani, andika. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Hapa tabasamu.

(Anatabasamu. Watu wanarusha bahasha juu. Mgeni Rasmi anaamshwa na kelele, anadhani wakati wake umefika, anasimama, anapiga makofi, anapokea mkasi na kukata utepe. Mlinzi anafungua mlango. Ndoo inatoka yenyewe, inabingirika, inasimama miguuni pa Mgeni Rasmi, naye anaiinamia na kuipa mkono.)

Hotuba hii imenakiliwa neno kwa neno nami, mpiga chapa, ambaye pia ndiye karani wa kumbukumbu. Tamko limeandikwa saa tano na dakika kumi na mbili. Nakala mbili ziko masjala, pamoja na lile swali langu. Jioni hii Mkurugenzi amenitumia ujumbe niende kumwona kwa haraka. Nimemjibu, kwa Kiingereza, kwamba leo ni Jumanne na saa za kazi zimekwisha, na kesho, kama kawaida, hatufungui.