Kifuniko Chekundu

Jumatatu, 6 Mei
Harusi ya binti yetu Wening ni Jumapili. Mimi na mama yake tutauza dawet, kinywaji chetu kitamu, kama desturi: yeye anateka, mimi namshikia mwavuli, wageni wanalipa vigae vya udongo. Tui, barafu, sukari ya mnazi! Mke wangu Lasmi ameapa: sukari yangu isiposhuka kwenye kipimo cha kesho, sionji hata tone. Baba wa bibi harusi, jamani! Lakini Bi Endang wa maabara alimweleza, nami nikatega sikio, kwamba kichupa cha kupimia damu chenye kifuniko cha kijivu kina dawa ya kuzuia chembe za damu zisiile sukari. Chekundu hakina. Ahaa!

Jumanne, 7 Mei
Nimemwambia muuguzi mgeni wa zahanati kuwa kijivu ni nuksi kwa waliozaliwa siku yangu. Akacheka: haya mzee wangu, chukua chekundu. Nikajitolea kuipeleka damu maabara kwa baiskeli. Mwendo wa robo saa. Nimetumia saa saba, juani, njia ya mawe. Kuleni hiyo sukari, chembe wanangu, kuleni!

Jumatano, 8 Mei
Sukari imeshuka! Nimeshinda! Kabla sijamaliza kushangilia, gari la wagonjwa mlangoni. Potasiamu ya damu imepanda mno, eti moyo unaweza kusimama wakati wowote. Nikamwambia daktari mimi mzima, nimetoka kupanda ngazi kufunga mapambo. Akasema hiyo ndiyo hatari yenyewe, haina dalili. Nyaya kifua kizima. Lasmi analia: Baba Wening, usiniache niuze dawet peke yangu. Nimejiona mwizi.

Alhamisi, 9 Mei
Daktari kasema sitoki hapa hadi Jumatatu. Harusi je? Nimekiri yote. Bi Endang amecheka mpaka kaegemea ukuta. Kumbe damu ikikawia na kutikiswa, chembe humwaga potasiamu yao. Wamepima upya: potasiamu sawa, lakini kwa kifuniko cha kijivu, sukari mia mbili sitini na nane! Nimeruhusiwa. Lasmi amerudia kiapo chake: hata tone.

Jumapili, 12 Mei
Nimeshika mwavuli mpaka mkono ukafa ganzi. Vikombe vinapita mbele ya pua yangu. Mwishoni Lasmi akanigeukia na kijiko kimoja cha dawet, mbele ya watu wote. Akasema, kunywa, muongo wewe. Nimelia. Sioni haya kuandika.

Jumatatu, 13 Mei
Wening akijaliwa mimba ya kwanza, ikitimiza miezi saba tutauza dawet tena, ndiyo desturi. Nimetafakari sana, na kosa langu nimelijua. Ni baiskeli. Safari ijayo nitakwenda kwa miguu.