Meli Iliyozamishwa Mkahawani

Ambrose Pettifer hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango; Pettifer alifunguliwa mlango, akapewa kiti na kikombe cha kahawa. Asubuhi hiyo, katika mkahawa wa wenye meli jijini London, alikuwa akinywa kahawa ya mtu mwingine aliposikia nahodha mmoja akisema ameiacha meli iitwayo Patience bandarini Plymouth, mlingoti umeshatengenezwa, imejaa mvinyo wa Ureno, tayari kurudi nyumbani.

Mwenye Patience, mzee Obadiah Thrale, alikuwa bahili hata meli yake hakuikatia bima. Alikuwa hajafika mkahawani, na Pettifer alimwombea aendelee kuchelewa.

Sasa, mkahawa ule ulikuwa na mimbari. Mhudumu aliyeitwa Silvanus Pook alipiga kengele, akapanda, akasoma habari za meli kutoka barua za bandarini. Kilichosomwa pale wafanyabiashara walikiamini kuliko mahubiri ya Jumapili.

"Kaka Silvanus," Pettifer alinong'ona, "barua zikija, zichanganye na hii yangu."

"Ina nini?"

"Huzuni kidogo."

"Ya nani?"

"Ya Thrale."

"Basi lete pai mbili za nyama. Za mkeo, si za yule jirani."

Pai za Dorcas Pettifer zilisifika mtaa mzima, na duka lao la pai lilikuwa jasho lake tangu usichana. Lakini sheria za nchi zilimpa mume mali ya mke siku ileile ya pete, na Pettifer alikuwa mtu wa kuheshimu sheria pale ilipomfaa.

Mchana kengele ililia. Pook alisoma kwa sauti ya msiba kwamba Patience imezama na shehena yake yote. Thrale, aliyekuwa ndiyo kwanza anaketi, alipaliwa na kahawa. Pettifer akamfikia na leso.

"Pole sana, mzee wangu. Naumia kama yangu."

"Nimekwisha, mwanangu. Nani atanunua mbao za chini ya maji?"

"Mimi. Huenda mawimbi yakarudisha chochote. Chukua duka langu la pai, nipe meli jinsi ilivyo, popote ilipo."

Thrale alijifuta kahawa kidevuni. "Una moyo, wewe."

"Ndiyo maradhi yangu."

"Jinsi ilivyo, popote ilipo. Na yaandikwe hivyohivyo."

Mzee alitia sahihi huku amejifunika mdomo kwa leso. Pettifer alidhani ni majonzi, akamwonea huruma ya kweli, huruma ya mtu aliyeshiba.

Kila siku alikwenda gatini kuingoja meli yake. Walikuja mabaharia wake, bila meli, wamevaa makoti ya kuazima. Patience ilikuwa imezama kweli karibu na Dover, na asubuhi ya siku ile kengele ilipolia, baharia mmoja aliyeokolewa alikuwa jikoni kwa Thrale akinywa supu.

Pettifer alikimbilia mahakamani akilia ametapeliwa. Pook alisimama mlangoni akitafuna pai. Dorcas alikaa nyuma kabisa, aproni ina unga bado. Pembeni, wakili mmoja asiye na kesi alikuwa akiandika mashauri ya meli ili yachapishwe, wasome mawakili wote wa nchi.

"Ulijua meli imezama?" jaji alimuuliza Thrale.

"Nilijua, Mheshimiwa. Muuzaji akificha habari, kosa ni lake. Lakini nilificha nini? Ilisomwa mimbarini, na bwana huyu mwenyewe akanipa pole."

Jaji akamgeukia Pettifer. "Uliisikia habari hiyo?"

"Niliisikia."

"Uliiamini?"

Pettifer alipima majibu mawili aliyokuwa nayo. Akisema hapana, ataulizwa alijuaje kuwa ni uongo, na jibu la swali hilo lilikuwa na kufuli na pingu. Pook aliacha kutafuna. Mwandishi alichovya kalamu.

"Niliiamini, Mheshimiwa."

Shauri likaisha hapo, Thrale akabaki na duka. Pettifer alijifuta jasho, akamshukuru Mungu kwa kuponea chupuchupu, akatoka nje. Dorcas alikuwa akimngoja kwenye ngazi.

"Kwa hiyo uliamini meli iko chini ya bahari."

"Mke wangu, nisikilize..."

"Nimekusikiliza, umeapa kabisa. Ukalitoa duka langu kuinunua."

Pettifer alitaka kumwambia ukweli, lakini mlango wa mahakama ulikuwa wazi nyuma yake.

"Basi una meli, Ambrose," Dorcas alisema, akifungua kamba za aproni. "Nenda ukalale huko."