Likizo Yangu Ndani ya Kompyuta

Jumatatu, 9 Juni

Likizo imeanza. Wiki tatu bila kusoma mita ya maji ya mtu yeyote. Bila mbwa wa mtu yeyote. Nimekaa sebuleni kama mfalme mpaka saa nne, ndipo kompyuta ikazima.

Si mara ya kwanza. Huwaka, hufanya kazi dakika ishirini, kisha kimya. Anayeumia ni baba mkwe. Anaishi nasi tangu mkewe afariki, na anaandika maisha yake: miaka thelathini na mmoja relini, akigeuza njia ili treni zisikutane. Anachapa kwa kidole kimoja, pua imegusa kioo kwa sababu ya mtoto wa jicho. Upasuaji ni tarehe 20. Anataka kitabu kiishe kabla ya hapo, maana daktari naye ni mtu, anasema, na mkono wa mtu hutetemeka. Sura nane ziko tayari, zimechapishwa kwenye karatasi. Ya tisa, ya mwisho, imemlia miezi miwili na imo ndani ya kompyuta tu.

Mke wangu anataka tumwite mwanyumba wangu, mume wa dada yake. Huyo hutengeneza mashine za hospitali na ukoo mzima humwita Injinia. Mimi ukoo mzima huniita Bwana Mita. Nikamwambia mke wangu tusimsumbue mtu mwenye kazi zake, nitaitazama mwenyewe. Akauliza nitaitazama kwa macho au kwa mikono.

Kwa macho, nikasema.

Jumanne, 10 Juni

Nimeifungua.

Vumbi kama blanketi. Nimelitoa kwa brashi ya viatu. Chini ya vumbi, feni. Chini ya feni, pande la chuma. Chini ya chuma, prosesa, yaani ubongo wenyewe. Kati ya ubongo na chuma hupakwa dawa laini ya kupitisha joto. Yetu imekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Nimeupata ugonjwa! Bila Injinia.

Duka la vipuri limefungwa leo. Subira huvuta heri, lakini dawa ya meno iko bafuni. Ni nyeupe, ni laini, na kila mtu anajua inapoza. Nikapaka.

Imekaa saa tatu bila kuzima. Baba mkwe amechapa ukurasa mzima. Alisema chumba kinanukia kama mtu aliyeamka mapema. Jioni mke wangu akataka kujua dawa ya meno imeishaje na imenunuliwa juzi. Nikamjibu kwamba umri huu meno yanahitaji kuangaliwa.

Jumatano, 11 Juni

Mwanyumba amepita na mkewe kusalimia. Viatu vinang'aa, kalamu mbili mfukoni. Akaisikia kompyuta ikijivuta kuwaka. Akasema kuku angetaga, akaatamia, na vifaranga wakaanza kutembea kabla haijamaliza. Wote walicheka. Mke wangu alicheka kuliko wote, na alikaa chini kabisa ili acheke vizuri.

Nikatangaza kwamba naweka diski mpya ya kasi wiki hii hii. Sikuwa nimepanga. Maneno yalitoka yenyewe. Mwanyumba akasema ni jambo zuri, atakuja Jumamosi na vifaa vyake tuifanye pamoja. Nikamshukuru kwa ile shukrani ya kumfungulia mgeni mlango atoke.

Ijumaa itakuwa tayari. Jumamosi aje aone.

Alhamisi, 12 Juni

Dukani kwa Mama Vipuri. Amekaa nyuma ya meza ya kioo, ana miwani mbili, moja usoni na moja kichwani. Diski mpya haizunguki, haina kelele, ni ndogo kama kiberiti cha jikoni. Akaniuliza kama ndani ya ile ya zamani kuna kitu cha thamani. Nikasema maisha ya baba mkwe. Akavua miwani. Akasema kabla ya kushika chochote, faili za mzee zinakiliwe kwenye flashi, flashi iwekwe mbali na mimi. Alisema hivyo: mbali na wewe.

Nikamwambia mimi ni mtu wa mita mwaka wa kumi na tisa. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyeingia dukani.

Flashi sikununua. Diski nzima inanakiliwa kwenye diski nzima. Flashi ya nini?

Ijumaa, 13 Juni

Mke yuko shuleni anafundisha watoto wadogo kuhesabu. Baba mkwe amelala kidogo baada ya chakula. Nyumba yangu.

Nimeziunga diski zote mbili. Nimeandika KUUKUU kwenye moja na MPYA kwenye nyingine, herufi kubwa. Kumbe kioo hakisomi maandishi ya kalamu. Kioo kinasema Diski 0 na Diski 1. Kinataka kujua ipi inanakiliwa, ipi inapokea.

Nikatulia. Nikafikiri. Sifuri ni kutokuwa na kitu. Hata wanafunzi wa mke wangu wanalijua hilo. Kwa hiyo Diski 0 ndiyo tupu, ndiyo mpya. Diski 1 ndiyo yenye mali. Nikaamuru: toa kwenye 1, weka kwenye 0. Likaja onyo refu lenye rangi nyekundu. Onyo refu ni la kuwatisha wasiojua. Nikabonyeza ndiyo.

Ilimaliza kabla chai yangu haijapoa. Nikastaajabia kasi.

Saa kumi. Nimekuwa nikikitazama kioo cheusi tangu saa nane. Kompyuta huhesabu kuanzia sifuri. Ile ya zamani ndiyo ilikuwa 0. Nimenakili utupu kwa uangalifu mkubwa juu ya miaka thelathini na mmoja.

Nimerudisha kava. Nimekaza skrubu zote vizuri sana.

Jumamosi, 14 Juni

Saa mbili asubuhi baba mkwe akaja na mto wake wa kukalia, tayari kuchapa. Nilikuwa nimetangulia kwenye swichi kubwa ya nyumba. Nikamwambia umeme umekatika. Akasimama akisikiliza. Akasema redio ya jirani inasoma habari. Nikasema jirani ana betri. Hapo jirani wa upande wa pili akaanza kutoboa ukuta kwa mashine. Baba mkwe akasema, kwa upole, kwamba huyo naye ana betri kubwa. Akarudi chumbani na mto wake.

Saa nne mwanyumba akafika, akaona swichi imeshushwa, akaipandisha bila kuuliza. Akafungua kava. Akaona nyeupe pembeni ya prosesa. Akanusa. Akanitazama. Akanusa tena.

Nilimwambia kila kitu. Hakuna namna ya kumdanganya mtu aliyeinusa kompyuta yako.

Alijaribu kwa muda wa saa tatu, diski ya zamani ikiwa imeungwa kwenye mashine yake. Majina ya faili yalitoka. Ndani yake hakikutoka kitu. Hakucheka. Ningefurahi angecheka. Akafuta dawa ya meno, akapaka dawa yenyewe, akafunga diski mpya, akaweka kila kilichotakiwa, na kompyuta ikawaka kabla hajakaa sawasawa kwenye kiti. Kisha akaniambia mlangoni kwamba hatamwambia mzee, wala hatamwambia dada wa mkewe, yaani mke wangu. Wataambiwa na aliyefanya.

Nilikuwa na mipango minne ya kumchukia leo. Yote imeharibika.

Jumapili, 15 Juni

Nimemwambia.

Alikuwa kibarazani, amefumba macho, jua liko kwenye magoti. Nilianza na hali ya hewa. Akaniambia nikifika nimwambie.

"Baba, sura ya tisa nimeifuta. Si kompyuta. Ni mimi."

"Yote?"

"Yote."

 Nikahesabu vigae, nikafika thelathini na sita. Mke wangu alikuwa dirishani na sufuria mkononi, akasikia, na uso wake sitaki kuuandika. Akafunga dirisha. Bora angenifokea.

Baba mkwe akaniuliza kama ninajua kuchapa kwa vidole vingapi. Viwili, nikasema. Akasema vinatosha, ni mara mbili ya vyake. Kesho saa mbili nikae mezani, yeye atasema, mimi nitaandika, na nisiguse kitu kingine chochote zaidi ya herufi.

Jumatatu, 16 Juni

Nimekaa mezani. Vidole viwili.

Sura ya tisa naijua, sote tunaijua. Ni siku ile treni mbili zilipokaribia kukutana, ya mizigo na ya abiria, naye akaruka, akavuta mtaimbo wa kugeuza njia, akaokoa watu mia mbili. Walimpa cheti. Kimetundikwa juu ya kabati la vyombo kwa fremu ya dhahabu. Nilianza kuchapa hata kabla hajafungua mdomo: Niliruka.

Akaniambia nifute. Nikafuta herufi moja moja, nikizihesabu.

"Andika: Nilikuwa kwenye dirisha la tiketi."

Nikaandika. Alikuwa kwenye dirisha la tiketi, akizungumza na karani mpya. Alikwenda kuazima kalamu na hakuwa na cha kuandika. Filimbi ililia mara ya kwanza, hakuisikia. Karani ndiye aliyeisikia. Aliziacha tiketi, akatoka kwa mlango wa nyuma, akakimbia na viatu vya ofisini juu ya kokoto, akaushika mtaimbo kwa mikono miwili na kuning'inia juu yake mpaka njia ikageuka. Treni ya mizigo ikapita pembeni. Mtaimbo ulimchana kiganja. Yeye, baba mkwe, alikuwa bado amesimama dirishani, ameshika kalamu.

Wakubwa walipokuja, karani alisema amemwona kijana wa njia akifanya kazi yake. Mwaka uliofuata walioana.

Niliacha kuchapa. Aliendelea kusema, akakielekea kioo asichoweza kukisoma.

"Hakunitaja vibaya hata siku moja, miaka arobaini na mmoja. Yeye alinificha. Mimi nikajificha nyuma yake. Ile sura uliyoifuta, mwanangu, niliiandika miezi miwili kwa sababu ilikuwa inakataa."

Mke wangu alikuwa amerudi kutoka shuleni. Sijui alisimama pale tangu lini. Chaki bado mikononi. Akasema mama yake alikuwa akiwaambia kovu lile la kiganjani ni la sufuria ya moto. Akaja akakaa sakafuni karibu na kiti cha baba yake, na mimi nikajifanya ninatafuta herufi.

Alhamisi, 19 Juni

Sura ya tisa imekwisha. Kurasa kumi na moja. Mke wangu ameisoma kwa sauti mezani na baba mkwe amesahihisha sehemu mbili tu, zote kuhusu viatu. Kisha mke wangu amepanda stuli akaweka picha ya mama yake mbele ya cheti, ndani ya fremu ileile. Mimi nilishika stuli. Ameanza kunisemesha tena. Neno la kwanza lilikuwa "shika", la pili "vizuri".

Faili ipo kwenye flashi tatu. Moja anayo mke wangu, moja mwanyumba. Ya tatu sijaambiwa ilipo.

Jumapili, 29 Juni

Siku ya mwisho ya likizo. Upasuaji ulikwenda salama. Baba mkwe anaona mpaka nyumba ya tatu na analalamika kuhusu rangi yake.

Leo wazee wenzake wa reli walikuja kumjulia hali, saba, na sura ya tisa ikasomwa.  Mmoja alitoa kitambaa. Baba mkwe akawaambia aliyeichapa ni mkwewe huyu hapa. Nikaona nifafanue kwamba bila ile ya kwanza kuondolewa, hii isingezaliwa. Kwamba fundi mwingine angeiokoa ile na kuharibu kitabu. Mwanyumba alikuwepo. Alikunywa chai yake yote kwa mkupuo mmoja.

Mwenyekiti wao akasema kompyuta ya chama imeanza kunguruma, nayo ina majina ya wastaafu wote, wajane wao na wanakoishi. Iko kwenye gari. Mwanyumba akasema isiguswe, ataichukua kesho asubuhi aende nayo kazini. Wote wakakubaliana. Mke wangu alikubali mara mbili. Ikaletwa ndani, ikawekwa mezani ilale hapa.

Wageni wameondoka. Mke amewasindikiza, baba mkwe yuko nje anasoma mabango.

Nimeifungua kidogo tu, kwa ajili ya hewa. Ndani ni safi kuliko nilivyotarajia. Wameijaza mno, hilo ndilo tatizo. Kuna kitu kimoja pale katikati ambacho, kwa jinsi ninavyokitazama, sidhani kama kina kazi.