Mistari Elfu Moja na Themanini

Jumamosi, 2 Februari

Mwanyumba ametualika chakula cha mchana. Huyu ni mume wa dada wa mke wangu, na hajawahi kumwalika binadamu kwake bila kuwa na kitu kipya cha kutangaza. Mwaka juzi bomba la maji moto. Mwaka jana kiti kinacholala chenyewe. Leo mashine ya diski. Blu-ray! Imekaa chini ya televisheni bapa, nyeusi, imetulia kama paka aliyeshiba.

Akavuta mapazia, akakohoa. Akatueleza kwamba picha tuliyoizoea sisi watu wa kawaida ina mistari mia tano na kitu. Yake ina elfu moja na themanini. Ukaja mlima. Kweli, majani yalihesabika. Baba mkwe akasogeza kiti mbele. "Loo! Hata kupe wa mbuzi yule namwona!" Mwanyumba akacheka mpaka machozi.

Nikasema picha imekolea bluu mno. Baba mkwe akamtafuta tena mbuzi.

Inaniuma kwa mambo mawili. Kwanza, mimi ni fundi miwani. Mwaka wa kumi na saba huu nasaga lenzi. Kuona ni kazi yangu, siyo ya muuza bima kama Mwanyumba. Pili, Baba mkwe. Tangu afiwe na mkewe, alikaa nusu mwaka kwa Mwanyumba, na sasa anamaliza nusu mwaka kwetu. Mwisho wa mwezi atatamka atakaa wapi moja kwa moja. Nilikuwa na hakika ni kwetu.

Mpaka leo. Mpaka yule mbuzi.

Jumatatu, 4 Februari

Mungu hamtupi mja wake. Asubuhi kaja kuchukua miwani yake muuza vyombo vya umeme wa mtaa wa nyuma. Watu humwita Garantii, kwa kuwa kila anachouza kina garantii, isipokuwa maneno yake. Nikamuuliza kuhusu hizo Blu-ray. Akacheka kwa huruma. Akasema kumbe sijui kuna vita!

Ziko diski za aina mbili, zinagombana. Blu-ray upande mmoja, HD DVD upande wa pili. Ukubwa wa diski ni ule ule. Mwanga unaozisoma ni ule ule wa bluu. Mistari ni ile ile elfu moja na themanini. Ila ukiitia hii kwenye mashine ya ile, haisomi ng'o. Nimekaa na penseli mchana kutwa nikilinganisha. Diski ya Blu-ray inabeba zaidi, gigabaiti ishirini na tano kwa kumi na tano za yetu. (Nimeandika "yetu." Moyo umeshaamua.) Lakini nafasi kubwa ya nini? Sanduku kubwa hubeba hata matambara. Na mashine ya HD DVD bei yake ni nusu.

Nikamuuliza Garantii ipi itashinda. Akaapa ni HD DVD. Ushahidi: anazo kumi na mbili stoo.

Mtu hawezi kujaza stoo kwa kitu kinachoshindwa. Hiyo ni akili ya kawaida.

Jumatano, 6 Februari

Nimefanya. Garantii anapunguza bei ukimpa mashine ya zamani. Nikakumbuka ile deki yetu ya kanda za video, inayokaa sebuleni ikila vumbi. Nani bado anatazama kanda? Mke wangu alikuwa kazini kwenye duka la mikate. Baba mkwe alikuwa amelala. Nikaing'oa na nyaya zake, nikaifunga kwenye shuka, nikatoka nayo mgongoni kama mwizi wa nyumba yangu mwenyewe.

Sikusema neno kwa mtu. Jambo la kushtukiza ndilo tamu.

Nimerudi na HD DVD na diski tano. Ni nzito. Kitu kizuri huwa kizito.

Alhamisi, 7 Februari

Jioni nimemwalika Mwanyumba na mkewe. Nikavuta mapazia. Nikakohoa. Nikatia diski ya samaki.

Wakaja samaki. Nikangoja watu waseme loo. Hawakusema. Mwanyumba akainama, akaizunguka televisheni yetu, akaipapasa chogo lake. Akasema kwa upole, mwanyumba, hii televisheni ni ya zamani, mistari hiyo elfu haina pa kupita. Ni kumwaga ndoo ya maji kwenye tundu la sindano.

Nikajibu kwamba macho lazima yazoee.

Tukazoeza macho saa nzima. Samaki walibaki na ukungu. Baba mkwe, ambaye ni mtu mstaarabu, akasema wa njano alikuwa mzuri. Hakukuwa na wa njano.

Jumapili, 10 Februari

Sijui niandike vipi.

Jumapili baada ya kula mimi huwa natoka kwenda kucheza drafti. Leo mvua imenizuia. Baba mkwe kaingia sebuleni amevaa shati safi, kavaa miwani niliyomtengenezea mwenyewe, kakaa mbele ya televisheni. Akaangalia chini. Akaangalia nyuma yake. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama nimeiona deki.

Nikamweleza habari njema.

Kisha akauliza kama niliitoa kanda iliyokuwa ndani.

Ndani! Sikutazama ndani.

"Basi, mwanangu," akasema, "si neno." Akainuka, akaenda chumbani kwake na shati lake safi.

Mke wangu ndiye aliyenieleza, amesimama mlangoni na taulo mkononi. Ni kanda ya siku ile mama yake alipostaafu uuguzi. Yupo humo, mzima, anaongea. Hakuna nyingine. Baba huitazama kila Jumapili nikishatoka. Nusu mwaka mzima! Nikamuuliza kwa nini hakuna aliyeniambia. Akasema kwani nilimuuliza nani?

Tangu hapo anaongea na sufuria tu. Anaziambia mambo mazito.

Jumatatu, 11 Februari

Nimemwomba mkuu wangu ruhusa. Mbio kwa Garantii. Akaniambia deki alimpa fundi redio, kwa vipuri. Nikamwuliza garantii iko wapi. Akasema garantii ni ya mashine niliyochukua, siyo ya ile niliyoleta.

Mbio kwa fundi redio. Deki yetu nimeiona mezani kwake, imefunguliwa kifua, matumbo nje. Niliitambua kwa alama ya kikombe cha chai juu ya kifuniko. Kanda? Alikumbuka kanda. Aliitupa kwenye boksi pamoja na nyingine mbovu, na Jumamosi kuna mama mmoja mwenye bustani ya mboga alikuja akalichukua boksi zima.

Bustani inataka kanda za nini, nikauliza.

Akasema kwa ndege.

Sikuelewa. Sasa usiku umeingia, naogopa nimeelewa.

Jumanne, 12 Februari

Nilielewa sawasawa. Bustani iko nyuma ya kiwanda cha matofali. Miti imechomekwa kila hatua tano, na toka mti hadi mti umevutwa utepe mweusi wa kanda, unametameta, unavuma kwa upepo. Ndege wakiusikia hawatui. Nikasimama pale nikimtazama mama mkwe wangu na kustaafu kwake vimetandazwa juu ya kabichi.

Mama wa bustani alitoka na jembe. Nikamweleza yote. Sikuficha hata shuka. Alinisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Pole, baba. Mie nilidhani ni takataka." Akaingia kwenye banda akaniletea makasha matupu ya kanda yaliyobaki. Moja lilikuwa na mwandiko wa mama mkwe wangu mwenyewe. Mama alikumbuka utepe wake aliufunga wapi: mstari wa tatu, toka kwenye tangi la maji hadi kwenye ua.

Lakini akauliza, na ndege zake je?

Nikampa diski zangu tano za HD DVD, zilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilikuwa nimetoka nazo nimwonyeshe Garantii, nidai chochote. Tukazitoboa, tukazitundika. Zikageuka juani, zikarusha mwanga kila upande. Ndege wakaondoka wote, hadi wa bustani ya jirani.

Hiyo ndiyo picha kali kuliko zote nilizoziona kwenye diski zile.

Jumamosi, 16 Februari

Siku nne nasafisha utepe. Nimeupitisha kwenye kitambaa cha kufutia lenzi, shibiri kwa shibiri, nikauzungusha taratibu kwenye kifimbo cha mashine ya kusagia. Umande umeukunja. Mahali pengine jua limeutoa rangi. Umekatika mara sita, nimeunga mara sita. Mkuu wangu kapita, katazama, kaendelea na kazi yake. Mteja mmoja kauliza ni miwani ya aina gani hiyo. Nikamwambia ni ya mtu asiyeona.

Fundi redio kanipa kasha zima la kanda bure. Akasema na yeye ana mama.

Tatizo: hatuna deki. Mwenye deki ni nani? Mwanyumba. Anayo stoo, kaifunga kwenye nailoni, na rimoti yake. Nimempigia simu. Nilitaka anicheke, ingekuwa nafuu. Hakunicheka. Akasema tuje kesho saa nane, ataifuta vumbi.

Jumapili, 17 Februari

Tumekwenda. Baba mkwe kavaa lile shati safi. Mabinti wawili wakakaa kila mmoja upande wake. Mwanyumba akatia kanda kwa vidole viwili, kama anaweka yai.

Picha haikuja. Niseme ukweli: haikuja. Ni theluji nyeusi na nyeupe, na mara moja moja kivuli cha kitu kilichokuwa mkono au kitambaa cha meza. Nilihesabu mistari. Ilikuwa miwili. Nikatamani sakafu inimeze.

Kisha ikaja sauti. Inazama, inaibuka, lakini ni yeye. Anawashukuru wenzake wa zamu. Katikati ya hotuba akaghafilika, akamgeukia mpiga picha: "We kijana, mbona unanipiga pua tu? Mimi nina uso mzima hapa!" Watu wakaangua kicheko mle ndani ya theluji.

Baba mkwe alikuwa amevua miwani yake, ameifumbata mkononi, macho kayafumba. Anacheka bila sauti, mabega yanatikisika. Mke wangu akanishika kiwiko. Mara ya kwanza kwa wiki nzima.

Baadaye Baba mkwe kaniita pembeni. Nikaanza kuomba radhi, akanizuia. Akasema pua ya mkewe aliijua siku zote, haisahau. Alichokuwa anaogopa kusahau ni sauti.

Nimelia chooni kwa Mwanyumba. Choo chake ni kizuri sana, kwa bahati mbaya.

Jumatano, 20 Februari

Redio imetangaza. Waliotengeneza HD DVD wameinua mikono, hawatengenezi tena. Blu-ray imeshinda vita. Nilikuwa na lenzi mkononi, ikaniponyoka.

Nimepita kwa Garantii. Mlango umefungwa. Kabandika karatasi: "Nimesafiri kikazi." Nilimwona dirishani.

Mashine yangu ina wiki mbili. Diski zake zote ziko juu ya kabichi.

Ijumaa, 29 Februari

Baba mkwe ametamka. Anahamia kwa Mwanyumba.

Alitamka kwa adabu, mezani, akitutazama mmoja mmoja. Akasema hapa amekaa kwa raha na hana kinyongo. Ila kule iko deki, na kwa umri wake hataki kupanda basi kila Jumapili kwenda kumsikiliza mkewe. Nikasema tutatafuta deki nyingine, nitaipata hata kesho. Akasema, "Mwanangu, umehangaika vya kutosha. Pumzika." Afadhali angenitukana.

Mwanyumba kaja na gari. Masanduku mawili na mto mmoja. Kanishika mkono kwa muda mrefu, hakutaja hata mstari mmoja. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikakosa pa kuanzia.

Baada ya hapo nimekwenda kazini, jioni nikarudi. Siku zote mzee huwa mlangoni na swali lake moja: leo umewafanya wangapi waone? Nami humtajia idadi, naye hutikisa kichwa kama nimeokoa taifa. Leo walikuwa kumi na mmoja. Nimemwambia komeo.

Yote haya kwa sababu sikuuliza swali moja. Mzee, unaihitaji hii deki? Maneno manne! Nimemwapia mke wangu kwamba sitagusa tena kitu cha mtu ndani ya nyumba hii bila kuuliza. Akasema atasubiri aone.

Jumapili, 2 Machi

Nyumba kimya. Sikwenda kwenye drafti. Mke wangu kaenda kumwona baba yake. Nimekaa peke yangu nikitafakari kosa langu, nami nimelipata.

Kosa langu lilikuwa kuchagua upande ulioshindwa.

Nimekutana na Garantii njiani, amerudi safari. Anasema sasa vita vimekwisha, mtu anaweza kununua Blu-ray akiwa macho wazi. Anayo moja, na televisheni bapa, na deki ya kanda iliyo nzima kabisa, vyote kwa mpigo. Hebu fikiria! Baba mkwe akisikia kwamba kwetu kuna vyote vitatu, mto utarudi na masanduku yatarudi. Na safari hii tutarekodi sauti upya, kisasa.

Anataka tu mashine ya zamani ya kubadilishana. HD DVD yangu hataki hata kuiona. Nikamwambia nina cherehani ya mke wangu, ipo chumbani, imefunikwa kitambaa. Akasema cherehani inafaa sana.

Tangu tuoane sijamwona akiigusa. Hakika haitumii. Atarudi saa kumi na mbili, nina saa moja na nusu, na shuka ninalo.

Sitamwambia kwanza. Atafurahi zaidi akikuta imeshatoka.