Nguruwe ya Papa Ijene na Maganda ya Mama Colette

Asubuhi ile Papa Symphorien alikuwa anasugua nguruwe yake mugongo na burashi ya viatu vyake vya Misa. Radio ilikuwa inaning'inia ku muti wa kibanda. Ikasema hivi: kuko batu ba masomo makubwa banaokota maganda kwenye banakamulia matunda. Banayakausha, banayasaga, banatosha ndani kitu inaitwa pektini, ile inafanya konfitiri ya kupakaa ku mukate ikamate, na vitu vingine vizuri kwa tumbo na kwa moyo. Unga yake banatia mu biskuti. Ati siye tunakunywa maji, uzuri tunautupa.

Burashi ikamuanguka. Ile nguruwe, jina yake Madame, ilikuwa na mimba karibu kuzaa, na tangu iache kunyonya ilikuwa inakula maganda ya marakuja na nanasi tu. Symphorien akaiangalia macho kwa macho.

"Madame, kumbe weye ni farmasi."

Akatosha chukudu yake, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ile ile alikimbia nayo siku ya vita: siku ile aliweka nguruwe juu, godoro ikabakia nyumbani. Akaisukuma mbio mpaka pale Sake, njia ya Masisi inaachana na ya Minova, kwenye Mama Colette anauzisha jusi.

Mama Colette ni mujane, akicheka anacheka na mabega. Kila asubuhi Symphorien anakuja na mufuko, anajaza maganda, kisha anaikala ku mubao na anapata glasi moja ya bure. Anasema ni juu ya ijene, ule usafi: anamutolea mama buchafu, bila yeye nzi njo zingekuwa banunuzi bake ba kwanza. Njo maana bakamubatiza Papa Ijene. Ile glasi, hakuna muntu Sake nzima anakunywaka glasi pole pole vile.

Ku mubao akakuta batu babili. Kasika, mufanyabiashara wa Butembo, anauzisha majembe na misumari. Banamuita Faida, juu hata kusalimia anataka kwanza kujua itamuletea nini. Na Patient wa kubeba batu na pikipiki, banamuita Bila Freni: kinywa na pikipiki bugonjwa moja.

Symphorien akatoa habari amesimama, mukono ku kifua sawa anasoma Epistola. Akaongeza chumvi: ati radio ilisema nguruwe ya maganda inazala batoto benye nguvu mara mbili, nyama yao inaponesha mugongo, na bazee ba meno tatu banaanza kutafuna mahindi ya kukaanga. Radio haikutaja nguruwe hata moja. Akamaliza kwa kutangaza ati batoto ba Madame batauzwa bei ya ngombe.

"Basi juu ya nini tubachinje," Bila Freni akasema. "Tupange mustari, kila muntu alambe Madame mara moja, arudi kwake muzima."

Mubao ukatetemeka na kicheko. Faida peke yake hakucheka. Akaweka glasi chini pole pole.

"Papa Ijene, sasa ile buchafu ulikuwa unamutolea huyu mama iko wapi?"

Mama Colette, mikono ndani ya marakuja, akanyoosha muguu. Akavuta nao beseni ya maganda chini ya meza yake.

Symphorien akaona ile muguu. Akaanza kujitetea ati ganda bila nguruwe ni ganda tu. Bale ba radio bako na mashini, yeye mashini yake njo Madame: inasaga, inachuja, inatosha.

"Na ile inatoka nyuma," Bila Freni akauliza, "njo pektini?"

Hata bamama ba kuuzisha sombe, majani ya muhogo, ngambo ya barabara bakashika mbavu. Mama Colette akapangusa mikono.

"Papa Symphorien, ile Madame uliitoaka wapi?"

Hapo akavimba kifua. Akaeleza kwamba ilitoka kwa Théogène wa Kirotshe. Alimuchungia mama ya Madame, ikazala, bakagawana batoto nusu kwa nusu, vile batu bote ba huku banafanyaka.

"Na nusu alikupatia juu ya nini?"

"Juu miye njo nilikuwa nailisha."

Akasikia kinywa chake mwenyewe. Bila Freni akaanguka toka ku mubao. Faida akafanya alama ya musalaba, akatoa hukumu: nusu ya batoto ba Madame ni ya Mama Colette, juu maganda yake njo yanailisha, na glasi ya ijene imekufa leo.

"Minaulizaka kitu moja," Bila Freni akasema toka chini, mavumbi mu nyusi. "Virginie naye anakamuaka nanasi, pale mulango kwa mulango na kwako. Maganda yake yanaoza. Weye unapita, unapanda kilima na chukudu mpaka huku. Juu ya nini?"

Symphorien akaangalia fasi glasi yake ilikuwa inaikalaka. Mama Colette akashika glasi safi, akaanza kuiosha tena.

"Aa," Faida akasema. "Basi kugawana iko hasara. Nguruwe na beseni viingie lupango moja, nyumba moja, kesi imekwisha."

Bakapiga makelele mpaka mvua ikakuja kubatawanya. Faida akakimbilia misumari yake, Bila Freni akasukuma pikipiki. Symphorien akateremuka na chukudu tupu. Ku kona akasimama chini ya mabati ya muntu, akaandika ku telefone na kidole kimoja:

"Mama Colette, Madame anakusalimia. Anauliza kama kwako kuko fasi ya nguruwe moja, batoto bake, na muntu moja wa ijene."

Akaituma. Akaona imesomwa. Akangojea mpaka mvua ikaisha, akangojea njia yote, akafika kibandani anashika ile telefone sawa yai. Jibu hakuna. Madame naye alikuwa anangojea, mudomo ndani ya beseni tupu.