Baba Niliyemfuta kwenye Mashine

Jumatatu, 14 Oktoba 1991
Profesa Mbelgiji atamchukua Ulaya msaidizi mmoja tu: yule ambaye programu yake ya mantiki itajibu haraka. Mimi au Kambale. Mimi, bila shaka! Programu za wengine unaziuliza baba wa Adalbert, yaani mimi, ni nani. Yangu unaitajia watu wawili, nayo inatafuta uhusiano wenyewe. Nimeilisha ukoo wangu mzima na kanuni zetu: ndugu wa baba ni baba, watoto wa baba mmoja ni ndugu.

Jumanne, 15 Oktoba
Haijajibu. Inatafuta baba ili ipate ndugu, inatafuta ndugu ili ipate baba. Umeme ulipokatika nilimshukuru Mungu. Kambale akashauri mashine ikumbuke maswali iliyokwisha kujiuliza, isiyarudie. Nikamjibu kwamba kumbukumbu ni mkongojo wa wavivu. Mke wangu Germaine anauliza kama hii mashini iko na bazimu.

Alhamisi, 17 Oktoba
Mbinu! Nimefuta kanuni ya ndugu wa baba. Sasa nina baba mmoja tu, na mashine inajibu papo hapo. Profesa akapiga makofi. Kisha akataka tumjaribu baba mdogo Kapya, tarishi wetu, aliyekuwa akiingia na chai. Yeye ndiye aliyenilea baba yangu alipofia relini. Mashine ikaandika: hakuna uhusiano. Kapya akaniangalia. "Mutoto yangu, kumbe miye haiko baba yako?" Niliona aibu hadi masikioni. Nikamwomba sukari.

Jumatatu, 21 Oktoba
Askari wameasi. Mji unaporwa, hata milango inang'olewa. Kompyuta yetu nimeiona sokoni katika mtaa wetu uitwao Kenya, inauzwa kama televisheni. Profesa amekimbilia mpakani Kasumbalesa na msafara wa Wazungu. Kambale yumo garini. Ninaumwa na roho.

Jumatano, 23 Oktoba
Nyumba ya Kapya imeporwa. Amekuja kwetu na mke, watoto na godoro. Germaine amewapa kitanda chetu bila kuniuliza. Kapya akatoa disketi yangu chini ya shati: aliiokoa kabla waporaji hawajaingia chuoni. Akasema hakuweza kuacha kazi ya mutoto yake. Nililia mbele ya wote.

Kisha nikafuta machozi, nikakaa sakafuni. Kompyuta hakuna, penseli ninayo. Na kosa nimeliona: niliwaacha mashangazi ndani ya programu; bila wao ingejibu haraka zaidi. Kesho nawafuta wote.